Watu 41 wamesema filamu yetu ni "moto sana" na bado siamini. Maoni ya kweli mnayapata aje? (Kisumu)

mkata_picha (mwanzisha uzi), Jumapili saa tatu usiku

Wadau, hamjambo.

Niko chuo hapa Kisumu, mwaka wa pili, nasomea utengenezaji wa filamu. Kikundi chetu cha watu wanne tumepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki. Si filamu nzima, ni mwanzo tu, na majina ya waigizaji yakipita juu ya picha, kama dakika mbili na nusu. Picha ina alama zake, lakini kuna fungu jingine la alama linalotaka tuonyeshe kwamba tulikusanya maoni ya watazamaji na tukayafanyia kazi. Hapo ndipo tumekwama.

Hadithi kwa ufupi. Jina ni Taa ya Saba. Binti amekaa ufuoni usiku, anahesabu taa za wavuvi wa omena (dagaa) kule ziwani. Boti za baba yake na wenzake huwa na taa sita. Leo anahesabu saba. Ile ya saba inaanza kusogea upande wake. Anasikia kasia. Boti inafika, haina mtu, taa bado inawaka. Giza. Jina la filamu.

Tulirekodi Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, jioni tatu. Kisha tukatuma vidio kwenye grupu za WhatsApp, ya darasa, ya kanisa, na ya familia ya kila mmoja wetu, pamoja na fomu ya Google yenye maswali matano: Umeipenda? Muziki ni mzuri? Picha ni safi? Inatisha? Ungependa kuona iliyobaki? Majibu 41. Thelathini na saba wamejibu "ndiyo" kuanzia juu hadi chini. Kwenye nafasi ya kuandika nina "Moto sana" nyingi, "Mungu awainue", "Hollywood wajipange", na shangazi yangu aliyeuliza kama nimekula.

Mwalimu wetu aliipitia hiyo fomu akaniuliza, "Sasa hapa mlibadilisha nini?" Sikuwa na jibu. Tuna wiki tatu.

Nyar_Nam

Watu 41, na shangazi ndiye pekee aliyeuliza swali la maana.

fundi_sauti

Kabla ya maswali ya fomu, mimi nina yangu. Ulituma kama vidio ya kawaida au kama hati?

mkata_picha

Vidio ya kawaida.

fundi_sauti

Basi hawakuona filamu yako. WhatsApp huibana vidio ili iwe nyepesi, na mahali penye giza ndipo huumia kwanza. Ule weusi wa ziwa unageuka vigae vigae vinavyochezacheza. Ukituma kama hati inafika jinsi ilivyo, ila itakula bando ya watu, na utalalamikiwa.

La pili, chini ya lile kasia mmeweka nini?

mkata_picha

Mngurumo. Mzito, wa chini kabisa, unapanda polepole hadi boti ifike. Tulikaa nao siku nzima, tuna hedifoni nzuri za chuo.

fundi_sauti

Hakuna aliyeusikia. Spika ya simu ni ndogo kama kucha ya kidole gumba, sauti za chini ya hezi 100 karibu hazitoki kabisa. Kwa hivyo watu 41 walitazama binti aliyekaa kimya mbele ya vigae vyeusi, wakasema moto sana. Watu wana roho nzuri.

mkata_picha

Nimejaribu sasa hivi kwa simu yangu mwenyewe. Aki ni kweli. Ni kimya tu halafu boti inatokea.

Mwalimu_wa_Tamasha

Mwanangu, nimefundisha Kiswahili huku Kakamega miaka mingi na nimelea vikundi vya tamasha la drama mpaka sauti ikakauka, kwa hivyo vumilia nikiandika kirefu.

Ulikariri kidato cha tatu kwamba katika fasihi simulizi fanani yuko ana kwa ana na hadhira yake. Ukajibu mtihani, ukasahau. Fanani anayetamba ngano hawapi watu fomu. Anaangalia. Mtoto akianza kuchimba ardhi na kidole, fanani anaruka sehemu ile, au anaingiza wimbo, au anashusha sauti ili wasogee. Maoni anayasoma kwenye miili ya watu, na anayafanyia kazi palepale.

Tulipokuwa tukifanya mazoezi, mahakimu wangu wa kwanza walikuwa wapishi wa shule. Ukumbi wetu ulitazamana na dirisha la jikoni. Mpishi mmoja alikuwa anasimama pale na mwiko wake anatazama. Siku moja, katikati ya onyesho ambalo mimi niliona ndilo bora kuliko yote, aligeuka akaenda kukoroga githeri ambayo haikuhitaji kukorogwa. Onyesho lile nililikata kesho yake. Hakuwahi kuniambia neno, na nina hakika hajui mpaka leo.

Sasa maswali yako. "Umeipenda?" si swali, ni mtego wa heshima. Nani atamwambia mtoto wa kanisa lake kwamba hapana? "Inatisha?" ni baya zaidi, kwa sababu umeshamwambia mtu anachopaswa kuhisi. Jaribu hivi. Waonyeshe watu wasiokujua. Usiseme neno kabla, hata jina la hadithi. Ikiisha, uliza, "Kimetokea nini?" kisha unyamaze. Andika maneno yao kama walivyoyasema, usiyanyooshe. Halafu uliza, "Unadhani nini kitafuata?" Mtu akitoa jibu refu kwa hilo la pili, taharuki ipo. Akikwambia "sijui" huku anatafuta viatu vyake, haipo.

Na wakikosea kuelewa, usiwaeleze! Hilo ndilo gumu. Utatamani kusema "hapana, unajua ile taa ya saba..." Uma ulimi. Kwenye ukumbi wa sinema hutakuwepo.

kijana_wa_Bondeni

Nakuru hapa. Nimeomba vidio kwa inbox nikatumiwa, nimeitazama kwa kompyuta. Mimi sikuhesabu taa. Niliona vitone vya mwanga vingi majini nikajua ni mji wa ng'ambo. Binti anasema "saba" na uso wa hofu, mimi nikajiuliza saba nini, saa?

mkata_picha

Lakini mwanzoni kabisa anasema "sita" mara mbili.

Mwalimu_wa_Tamasha

Umeanza kueleza.

mkata_picha

Pole mwalimu.

mwana_wa_Butere_UK

Niko Uingereza na binti yangu aliwahi kupewa kazi kama hiyo kwenye somo la media la A-level: majina na mwanzo wa filamu mpya, usizidi dakika mbili. Na tatizo lilikuwa lilelile. Marafiki wote walisema "amazing", yaani moto sana ya Kizungu. Kilichomsaidia ni kuandika kila oni na pembeni yake alichoamua: hiki nimekibadilisha hivi, hiki nimekikataa kwa sababu hii. Kukataa pia ni kufanyia kazi, mradi uwe na sababu.

dagaa_wa_Mwanza

Mkuu, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Nina swali dogo tu. Kwenye hiyo video kuna mwezi?

mkata_picha

Ndiyo, mpevu kabisa, nyuma ya mawingu. Tuliuweka wakati wa kuhariri ili uso wa binti uonekane vizuri. Umependeza sana, ndio watu wengi walisifu.

dagaa_wa_Mwanza

Aisee. Nenda kawaonyeshe wavuvi, mkuu. Mimi sisemi zaidi.

ja_kondele

Wewe nawe umetuachia taharuki kuliko filamu yenyewe.

Nyar_Nam

Nimejua anachosema. Nimecheka peke yangu ndani ya matatu. Nenda Dunga, omera, usiulize.

wakili_wa_mtaa

Jambo moja kabla hujatoka. Ukitaka kurekodi nyuso za watazamaji ili uone wanapochoka, waombe ruhusa kwanza, na uwaambie ile rekodi itatumika wapi. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na sura ya mtu ni data yake. Mtoto hawezi kukupa idhini mwenyewe, ni mzazi au mlezi. Tena watoto waache kabisa, hata kama damu haionekani. Bodi ya filamu, KFCB, ina viwango vya GE (watu wote), PG (mzazi awepo), 16 na 18, na sioni hii ikipata GE.

mkata_picha, Jumamosi saa tano usiku

Nimerudi. Kaeni chini.

Tulianza na kibanda cha vidio huko Nyalenda. Mwenyewe alikubali kutupa dakika ishirini kabla ya mechi kwa shilingi mia tatu. Benchi zilijaa, kama watu thelathini hivi, wanaume wengi, mama mmoja wa kuuza njugu karibu na mlango. Hawa hawakuja kwa ajili yetu, walilipia mpira. Tuliomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, wawili wakakataa, tukawaweka nje ya picha. Hatukusema neno lingine.

Nilidhani nitatazama filamu. Niliangalia migongo. Sekunde ya arobaini hivi, majina yakiwa bado yanapita, simu ya kwanza iliwaka. Halafu ya pili. Kufikia dakika moja kulikuwa na nyuso saba zenye mwanga wa buluu, nikafikiri, hizo ndizo taa saba. Kasia liliposikika wawili waliinua vichwa. Boti ilipofika, mmoja alisema "Eeh!" na wengine wakamcheka.

"Kimetokea nini?" Nimeyaandika kama yalivyo:

"Msichana anangoja boyfriend, jamaa hajakuja."

"Ni jini la ziwa."

"Hiyo ni tangazo la taa za sola."

Huyo wa mwisho hakuwa anafanya mzaha. Alitaka kujua bei.

Hakuna hata mmoja aliyetaja kuhesabu. Nilitamani kueleza mpaka nikasikia kizunguzungu. Nilinyamaza. Mechi ikawekwa.

Leo jioni ndiyo tukaenda Dunga. Laptopu tuliiweka juu ya boti iliyopinduliwa, tukaizibia mwanga na koti langu. Wazee watatu waliokuwa wakishona nyavu, vijana wawili, na mama aliyekuwa akipaa samaki palepale kando, yeye hakusimama, alisema atatazama huku akifanya kazi. Kimya kizuri. Wakaiona Dunga yao, wakatajana boti ni ya nani. Nikaanza kupata moyo. Halafu ikafika ile sehemu yetu kuu, mawingu yanapisha, mwezi unatoka mzima, binti anageuka na kusema "saba."

Walicheka. Si kidogo. Mzee mmoja alilazimika kushika boti.

Niliuliza kimetokea nini. Yule mzee akapangusa macho, akaniambia, "Japuonj (yaani mwalimu), hao watu sita na wa saba wao, wote ni wajinga?" Kisha akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mjukuu. Omena hufuata mwanga. Usiku wa giza taa ndiyo mwanga pekee, kwa hivyo samaki wanakuja. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa lote, taa haivuti kitu. Siku hizo nyavu zinakaa nyumbani na wavuvi wanalala na wake zao. Hakuna anayechoma mafuta wala kumaliza betri kwa kazi bure.

Nikasema asante, nikaanza kufunga laptopu, aibu imenijaa. Mzee wa pili, ambaye hakuwa ameongea wala kucheka sana, akasema bila kuinua macho kwenye wavu wake:

"Taa moja ikiwaka ziwani usiku wa mbalamwezi, huyo si mvuvi."

Kisu cha yule mama kilisimama juu ya samaki. Kijana mmoja akauliza, "Basi anatafuta nini?" Mzee akavuta uzi, akaukata kwa meno, hakujibu.

Wadau, nilihisi baridi ya shingo ambayo dakika zetu mbili na nusu hazikumpa mtu yeyote.

Nyar_Nam

Nimesimama hapa jikoni na sufuria mkononi.

dagaa_wa_Mwanza

Sasa umeiona, mkuu. Huku kwetu hali ni hiyohiyo: karabai haina kazi kwenye mbalamwezi, ni siku za kushona nyavu na kulipa madeni.

ja_kondele

Sawa lakini tuongee ukweli. Mtu wa Nairobi hajui omena inavuliwa aje, anaijua kwenye sahani. Kosa la mwezi lilionekana na watu sita Dunga. Kwani mnatengenezea wavuvi filamu?

kijana_wa_Bondeni

Ana hoja. Mimi sikuona kosa lolote la mwezi. Na ile sentensi ya mzee ni kali, ila mngeiweka kwa filamu bila mimi kusoma huu uzi nisingeshtuka.

Mwalimu_wa_Tamasha

Ja Kondele, kosa halikuwa la kukwepa. Wale waliocheka ndio pekee waliokuwa wanatazama kwa makini, na wamempa hadithi ambayo hao 41 hawakuwa nayo. Lakini kijana wa Bondeni amegusa penyewe: mtazamaji lazima ajue kanuni kabla kanuni haijavunjwa. Msipompa, hana cha kuogopa. Swali ni jinsi ya kumpa bila mtu kusimama na kuhutubu.

mhudumu_wa_bandari

Kuna kipindi pia omena inafungwa kabisa, 1 Aprili hadi 31 Julai kila mwaka upande wa Kenya, ili wazaane. Taa ikiwaka kipindi hicho ni kosa. Mngeweza kutumia hiyo.

Mwalimu_wa_Tamasha

Ni kweli, ila hiyo inataka maelezo ya serikali na tarehe, na mna dakika mbili. Tena ingetufanya tudhani ni mvuvi mwizi tu. Mwezi hauhitaji tarehe, uko juu pale.

mkata_picha

Tumekaa usiku kucha na hivi ndivyo tulivyoandika upya. Hakuna kuhesabu. Shoti ya kwanza: nyavu zimetundikwa kwenye ua, kavu, kivuli chake chini kwa sababu ya mwezi. Ya pili: taa za kuvulia zimepangwa mstari ukutani, zote zimezimwa. Ya tatu: baba amelala, anakoroma. Binti anatoka nje kwenda msalani, anapita karibu na zile nyavu, anamwambia mdogo wake aliyeamka, "Lala. Leo hawaendi, mwezi umejaa." Basi. Maneno ni hayo tu. Anageuka kuelekea ziwani, na kule mbali kuna taa moja.

Nyar_Nam

Aaaaai.

kijana_wa_Bondeni

Hiyo nimeelewa, na mimi ni mtu wa Nakuru, samaki wangu ni wa kukaanga.

ja_kondele

Sawa. Nimenyamaza. Sasa hiyo "Taa ya Saba" itaitwaje?

mkata_picha

Mbalamwezi, kwa sasa. Kikundi bado kinapigana.

fundi_sauti

Kazi yenu imeongezeka, kwa sababu sasa mwezi ni mhusika na kamera zenu hazitauona vizuri. Rekodini jioni na mfanye iwe usiku kwenye kuhariri. Lakini Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, jua likizama giza haliulizi mtu. Mna kama dakika ishirini za mwanga wa buluu, kwa hivyo mazoezi yaishe saa kumi na moja. Kama kuna taa ya stima karibu na nyumba, wekeni shata ya kamera 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni hezi 50, la sivyo picha itapepesa.

Mngurumo toeni. Wekeni kitu ambacho simu inaweza kukitoa: vyura. Usiku mzima wanalia, halafu taa inapoanza kusogea, wananyamaza. Kisha kasia, mbao kwa mbao, mara moja tu.

wakili_wa_mtaa

Na msiwaonyeshe watu walewale tena. Wameshajua.

mkata_picha, wiki mbili baadaye

Ya kufunga hesabu. Tumerekodi upya jioni nne. Jioni moja iliharibika, gugu maji lilikuja na upepo likaziba ufuo wote, boti ikakataa kusogea, tukarudi nyumbani. Nyingine kiboko alitokea mbali kidogo na vifaa vyote vilijifungasha vyenyewe.

Majina tuliyasogeza yakaisha sekunde ya thelathini, kwa sababu ya zile simu za Nyalenda. Maoni mawili tumekataa na tumeandika kwa nini: mmoja alitaka tuonyeshe maiti ndani ya boti, mwingine alitaka wimbo wa Ohangla.

Jana tulirudi kwenye kibanda kilekile, siku nyingine, watu wengine, mia tatu ileile. Niliangalia migongo tena. Simu moja iliwaka mwanzoni ikazimwa. Vyura waliponyamaza, benchi pia zilinyamaza, nikasikia feni. Kasia lilipogonga, mama wa njugu, ambaye yeye peke yake alikuwa ameiona ile ya kwanza, alisema "Wololo" kwa sauti ndogo.

"Kimetokea nini?" Watano wa kwanza niliowauliza walisema jambo moja: wavuvi wako nyumbani na kuna mtu ziwani.

"Nini kitafuata?" Hapo walianza kubishana wao kwa wao, mwenye kibanda akaweka mechi, na bado wakabishana. Mmoja alinifuata mpaka nje, ananishika mkono, ananiuliza ni nani alikuwa kwenye ile boti.

Nyar_Nam

Na kweli, ni nani?

mkata_picha

Hatujui. Tulipewa kazi ya mwanzo tu.